Paja la Kuku na Lehemu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Kwenye mashine ya kusafisha damu tena, saa nne nzima. Sindano ya pili imeuma. Kabla ya kuniunganisha wamechukua damu ya kupima mafuta, nikiwa sijala. Mwezi uliopita lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, ilikuwa juu, na daktari alisema wazi: sisi wa mashine mara nyingi huangushwa na moyo. Dodoma hawatanipandikiza figo ya kaka Elia mpaka moyo upite vipimo. Kaka ameshapimwa, yuko tayari. Ninayengojwa ni mimi.
Ndiyo maana nimeacha mafuta. Nimeacha na mayai, nyama, maziwa. Ugali na mlenda, basi. Mimi, muuza mafuta ya alizeti wa Shelui!

Jumatano, 5 Machi
Majibu yametoka. Imeshuka! Imeshuka sana. Karatasi nimemwonyesha kila mtu, hadi mfagiaji. Mzee Salumu wa kiti cha jirani, dereva wa malori mstaafu, alikuwa anamenya yai lake la kuchemsha. Nimemwambia litamuua. Amelila huku ananitazama machoni. Daktari hayupo hadi Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi
Nina hasira. Daktari hakunipongeza. Ameshika mkono wangu, akaupima unene, akauliza nakula nini. Nimemtajia kwa majivuno.
"Mama, mafuta yameshuka kwa sababu mwili unajila. Protini nayo imeshuka. Moyo wenyewe ni nyama, utaishi kwa kula nini?"
Kumbe kwetu sisi namba ndogo nayo inaweza kuwa habari mbaya. Dodoma hawatanigusa nikiwa hivi. Nimelia mbele ya Mzee Salumu. Hakucheka. Amenipa ute wa yai lake, kiini akala yeye.

Jumapili, 9 Machi
Nimeagizwa ute wa yai, samaki, kuku bila ngozi, na kijiko cha mafuta yangu mwenyewe ya alizeti. Tabu iko hapa kwa kaka, ninakoishi tangu nianze mashine. Kuku huchinjwa Jumapili, na mgawo unajulikana: firigisi na paja ni vya kaka, mimi na wifi ni shingo na miguu.
Nimekaa nimenuna. Halafu nimenyoosha mkono kwenye bakuli, nikachukua paja. Wifi aliacha kutafuna.
"Kula, mdogo wangu," kaka akasema.
Nimekula mpaka mfupa ukabaki mweupe. Aibu nimeiona. Nimeshiba pia.

Jumatatu, 7 Aprili
Kilo zimepanda, na si za maji ya kuvimba. Mzee Salumu ananiita bondia. Kila siku ya mashine tunagawana yai. Wifi naye Jumapili hii alichukua paja la pili bila kumwangalia mtu. Kaka kabaki na kidari, na hajafa.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeshinda. Nimeshinda! Protini imepanda, mafuta yametulia panapotakiwa, moyo umepigwa picha na unasukuma vizuri. Dodoma wamekubali, na tarehe wametoa. Nimepiga kigelegele nikiwa na sindano mkononi. Muuguzi amenigombeza, kisha akapiga na chake.
Mzee Salumu hana wa kumpa figo. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mashine, kwa hiyo amenipigia makofi kwa kupiga goti lake. Amepiga muda mrefu kuliko wote.

Jumapili, 15 Juni
Kesho tunakwenda Dodoma, mimi na kaka. Wifi kapika kuku. Paja limewekwa kwangu kabla sijaketi.
Kaka kachukua firigisi yake, akaiweka kwenye sahani yangu. Nyumba hii sijawahi kuona firigisi ikitoka kwa mwanamume. Daktari kanikataza nyama za ndani, lakini kaka sikumwambia hivyo. Nimeirudisha.
"Hii baki nayo, kaka."
Ameitafuna taratibu, macho chini. Wifi kaondoa vyombo. Mabegi mawili yako mlangoni.