Jino la Mwanamvua

Dodoma, 3 Mfunguo Saba 1329

Kwa mwanangu Stara, kambi ya reli, Saranda.

Salamu nyingi kwako na kwa mumeo Abbasi. Sisi hatujambo, isipokuwa mgongo wangu. Tangu Mdachi apeleke reli mbele na ninyi akina mama mkaifuata na masufuria yenu, nimeachiwa watoto watano, na wote wanataka kubebwa kwa wakati mmoja.

Mwanao Mwanamvua jana alikunywa uji wa mtama, akaukataa mlenda, kisha akaniharishia kanga mpya. Usiku kucha alilia. Asubuhi nikajua sababu: jino limetoka. Wenzako nawapelekea mstari mmoja tu, wewe nakuongezea kwa kuwa marehemu kaka yangu, baba yako, angeninunia.

Shangazi yako, Batuli

*

Saranda, 8 Mfunguo Saba

Shangazi yangu, shikamoo. Pole na mgongo, na pole na kanga. Sisi tuko salama, ila vumbi. Barua yako imekuja na gari la kuleta vyuma, nikaisoma huku nasonga ugali wa genge zima. Nimefurahi hadi machozi yakanitoka.

Lakini jino hilo ni la juu au la chini? Nauliza kwa sababu mama mkwe ametuma neno kwamba anashuka kutoka Kolo kumwona mjukuu. Unamjua bibi Mishi. Kwake, mtoto anayetangulia kuota meno ya juu ni kigego, ana nuksi. Mtoto wa dada yake alikuwa hivyo, wakampeleka porini, na hakurudi. Na Abbasi hana ubavu wa kumkatalia mama yake. Nijibu upesi.

Mwanao, Stara

*

Dodoma, 13 Mfunguo Saba

Mwanangu Stara, salamu. Habari za mapishi? Huku nzuri. Mwanamvua amekunywa uji vikombe viwili. Kikohozi kimepungua baada ya kumsugua mafuta ya ufuta. Sasa anasimama kwa kushika mlango, na kuku wa jirani akipita anacheka hadi anaanguka. Kila kitu kinamchekesha huyu, hata mimi nikigomba. Usiwe na wasiwasi, kazi yako ifanye vizuri.

Shangazi yako, Batuli

*

Saranda, 17 Mfunguo Saba

Shikamoo shangazi. Umenieleza uji, kikohozi na kuku wa jirani. Mimi niliuliza jino.

Stara

*

Dodoma, 24 Mfunguo Saba

Marahaba, mwanangu. Ni la juu. Nilijua tangu siku ile, nikaomba Mungu la chini lifike kabla hujauliza. Niliona haya kukutia hofu nawe uko mbali na huna la kufanya.

Bibi Mishi amekuja. Alikaa barazani, akampakata, akaanza kumtekenya ili acheke. Na wewe unamjua mwanao. Nilimziba mdomo kwa kiganja, nikasema ana vidonda, havitakiwi kupata upepo. Akaniangalia sana. Akasema, "Nitangoja vipone."

Amepanga chumba kwa jirani yetu Dorkasi, anakuja kila alasiri. Mama mmoja aliyerudi baada ya kumaliza siku zake za kazi ameshanusa jambo, amemchukua mtoto wake bila hata kuaga. Nimechoka, Stara. Mchana nalinda mdomo wa mtoto kama mlinzi wa boma, na usiku nasikiliza kama mtu anagonga.

Shangazi yako, Batuli

*

Saranda, 29 Mfunguo Saba

Shangazi, shikamoo. Huku wazima, kama huku ni kuwa wazima.

Nimeomba ruhusa, msimamizi akanionyesha kipande changu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi: zangu bado hazijatimia. Nikitoroka nitatiwa mnyororo. Abbasi nimemweleza, akainamisha kichwa akaenda zake kuponda mawe. Kwa hiyo ni wewe tu. Mzibe mdomo kila akicheka mbele ya watu. Mzibe hata mkiwa wawili, asije akajisahau. Mpaka ya chini yatoke. Nakupigia magoti.

Mwanao, Stara

*

Dodoma, 20 Mfunguo Nane

Mwanangu Stara, salamu nyingi. Leo nina habari njema, utulie. Ya chini yametoka yote mawili, na la juu limepata mwenzake. Meno manne, nani atajua lipi lilitangulia? Nikamwita bibi Mishi mwenyewe. Akatia kidole, akapapasa, akambusu mjukuu wake. Leo asubuhi amerudi Kolo. Mwambie Abbasi mama yake ameondoka na furaha.

Mimi nilikaa barazani, nikanyoosha miguu, nikamlaza mwanao mapajani. Mbuzi wa Dorkasi akaja akatia kichwa ndani ya sufuria, kikanasa, akawa anazunguka nalo uani. Mwanamvua akacheka. Hapakuwa na mgeni, mimi na yeye tu, nami nikainama nimwone meno yake kwa raha zangu.

Akainua mkono wake mwenyewe, akajiziba mdomo.

Nikaushusha, akaurudisha. Nikaushusha tena, akaniangalia kwa woga, akaacha kucheka. Nililia, mwanangu.

Shangazi yako, Batuli