Debe la Baba Mbele ya Tembo wa Mabati

Ijumaa jioni. Upepo umevuma kutwa nzima kutoka upande wa hifadhi, vumbi limeingia mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Moyo wangu mzito.

Leo imezinduliwa sanamu ya tembo hapa Robanda.

Imesimama njia panda kwa siku kadhaa sasa, karibu na shule yetu. Vijana wachomeleaji kutoka Mugumu waliiunda kwa mabati chakavu, madebe mabovu na nyaya za mitego zilizookotwa porini. Masikio yake ni madebe yaliyopasuliwa, yananing'inia, na upepo ukija yanagongana. Sauti inafika mpaka kwetu.

Mama akiisikia huingia ndani na kufunga mlango.

Najua kwa nini. Msimu uliopita, mahindi yalipokuwa yanakomaa, tembo walimuua baba shambani. Alikuwa akilinda kama wanavyolinda wote hapa: jioni unapanda juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, ukiwa na debe. Tembo wakitokea unaligonga kwa nguvu, na majirani wanagonga ya kwao.

Lakini baba alikuwa na namna nyingine ya kugonga, yake na mama tu. Akifika dunguni aligonga mara mbili, maana yake nimefika salama. Mama alitoka nje akajibu kwa mfuniko wa sufuria. "Mama Ghati, bwana wako anakupigia simu!" jirani alikuwa akipaza sauti, na mama alicheka huku akihangaika kutafuta mfuniko.

Tangu tumzike, mama hajamtaja. Tunapika, tunasali, tunalala. Nimekuwa nikisubiri aanze yeye kwa sababu ndiye mkubwa. Labda naye ananisubiri mimi.

Mwalimu Upendo, anayetufundisha Kiswahili, alinichagua nizungumze kwenye uzinduzi kwa niaba ya shule. Kwao ni Njombe, amehamia hapa juzijuzi, hakujua habari za baba. Alipoambiwa aliniita pembeni akaniomba radhi, akasema ninaweza kukataa. Sikukataa.

Niliandika hotuba nzuri: tuhifadhi wanyamapori, tutunze mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo. Nyamburi, ninayekaa naye dawati moja, aliisoma akaguna. "Wewe ndiye wa kumtetea tembo? Basi mpelekee na mahindi." Kisha akauona uso wangu, akanishika mkono.

Hakukosea. Maneno yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

Jana mwalimu alitupeleka mbele ya sanamu, akatuambia tuitazame bila kuongea. Baadaye akasema, "Hili dude halina ulimi, na limegombanisha kijiji kizima, wanaolipenda na wanaolichukia. Nani aliliandikia hotuba?" Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nayaangalia yale masikio. Wale vijana walimuunda tembo kwa madebe yaleyale tunayomfukuzia. Hawakuandika kwamba ni mzuri wala mbaya. Waliiweka hofu yetu kwenye mwili wake, wakauachia upepo useme.

Hapo nikajua kuna mtu mmoja ninayetaka kumwambia kitu, na si mmoja wa wageni wa uzinduzi.

Leo asubuhi nilimwomba mama debe la baba, lile lililobonyea upande mmoja. Hakuuliza la nini. Alisema tu, "Lirudi."

Jina langu lilipoitwa niliwaamkia wazee shikamoo, nikasema, "Baba yangu alikuwa akigonga mara mbili kumjulisha mama kwamba amefika." Nikagonga kwa nguvu zangu zote, nikageukia upande wa nyumbani.

Nikasubiri mfuniko.

Mzee mmoja akavua kofia. Masikio ya bati yaligongana kidogo, yakatulia. Kutoka kwetu hakikuja kitu.

Nikakaa. Mwalimu Upendo alikuwa anafuta machozi, na mimi sikuwa nimeyatafuta machozi yake.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimejiaibisha, na baba nimemwanika hadharani bure. Mama alikuwa jikoni anapepeta ulezi. Nililiweka debe mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Ni wewe uliyekuwa unagonga?"

"Ndiyo, mama."

"Sivyo." Akauweka ungo chini. "Umegonga kama mtu anayefukuza. Baba yako hakugonga hivyo."

Baba yako. Nikalisukuma debe karibu naye.

Alilivuta debe mapajani, akachukua mwiko. Akagonga taratibu. Akangoja, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kupanda ngazi. Kisha akagonga tena, kidogo tu, kama anabisha hodi. "Hivyo," akasema. Mkono wake ukabaki juu ya debe na hakuuondoa tena. Alilia kwa sauti, nami nikalia naye, ungo ukapinduka na ulezi ukamwagika kwenye majivu.

Alipotulia alinipa mwiko. Nilikosea, akanirudisha. Nikakosea tena. "Wewe una haraka kama shangazi yako," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kucheka.

Sasa upepo bado unavuma, na masikio ya tembo yanasikika kutoka njia panda. Mlango wetu uko wazi.

Kesho jua likishuka nitalibeba debe mpaka ukingoni mwa shamba, nigonge kama alivyonifundisha. Je, mama atatoka nje?