Jino Chini ya Jino

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Au bado unamwambia Mama unafika kituoni Kwa Mathias tu, kumbe pikipiki inakupeleka hadi kijijini Kurui kwa ng'ombe wako? Mimi ni mzima, na baridi ya Ujerumani nimeizoea.

Uliniuliza kwenye simu kama kusafisha mawe ni kazi. Ni kazi, Baba, tena naiweza.

Mwezi uliopita nilipewa jiwe lililochimbwa kule Ruvuma. Ndani yake mlikuwa na taya la sainodonti, mnyama wa zamani mno aliyekwisha toweka duniani, ndugu wa mbali wa wanyama wote wanaonyonyesha, sisi na ng'ombe tukiwemo. Lilikuwa dogo, halikuzidi kidole changu cha shahada. Profesa anayetuongoza alikwisha andika kuwa ni aina mpya ya mnyama mdogo. Ilibaki kuituma ripoti.

Nililichokonoa kwa sindano siku tisa. Siku ya kumi, chini ya jino moja nikaona ncha ya jino jingine, halijatoka. Na mfupa wenyewe ulikuwa na vitundu, kama mfupa unaokua. Nikakumbuka mnadani, ulivyokuwa ukimfunua ng'ombe midomo ujue umri wake na kuniambia, "Tazama meno, mwili hudanganya."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha wiki ile. Mwenzangu wa meza ya pili akaninong'oneza ninyamaze. Sikunyamaza.

"Profesa, huyu si mnyama mdogo. Huyu ni mtoto."

Akakunja uso. "Una ushahidi gani?"

Nikamsogezea hadubini. Alitazama, akalisogeza taya, akatazama tena. Kesho yake tukalipiga taya eksirei: meno machanga yamejipanga humo tele, na umbo ni lile lile la mataya makubwa ya aina inayojulikana tuliyo nayo kabatini. Akazifuta kurasa zake mwenyewe, akaandika upya. Mkataba nao wameuongeza.

"Haya ulisomea wapi?" akaniuliza.

"Kwa baba yangu. Ni mfugaji."

Huku ripoti huishia kwa kuwashukuru waliosaidia. Akanipa karatasi niandike jina lako. Nimeandika majina yako yote matatu, Baba, kisha nikamfundisha kuyatamka mpaka akapatia.

Nisalimie Mama, na dada mwalimu hapo shuleni Mkuza, na mjomba fundi cherehani. Bibi mwambie ninakula vizuri.

Ni mimi, binti yako asiyenyamaza,
Kabula