Maswali Ishirini Uliyojibu Ukiwa Ndani

Dada yangu Somoe, huko uliko Tanga,

Shikamoo. Usiucheke mwandiko. Tangu niache shule mikono hii inapalilia mikorosho tu, lakini Madimba nzima bado inaniita Mwingereza. Mtu akitaka barua ya kuombea kazi bandarini, anakuja kwangu, nami natamba mpaka wananichoka. Wewe peke yako unajua Kiingereza changu kilivyo.

Unakumbuka ulipovunja ungo, ukaachishwa shule na kuwekwa ndani? Kila alasiri nilikaa chini ya dirisha lako nikijidai mwalimu. Mwali hapazi sauti, basi tukapatana ugonge ukuta: mara moja kwa neno la kwanza, mara mbili kwa la pili.

"Haya, bi mwali. La kwanza 'hear', la pili 'listen'. Jogoo wa jirani kawika, kakushtua usingizini?"

Mara moja. Sauti imekujia yenyewe.

"Bibi anasimulia, nawe umetega sikio?"

Mara mbili. Hukukosea hata siku moja.

Yaliyonitoa jasho ni "borrow" na "lend", maana sisi kwetu ni kuazima tu. Nikakufundisha upuuzi kwa sauti kubwa, ukashindwa kuvumilia, ukanong'ona dirishani: "We mtoto, acha kujidai! Chungu cha jirani kikija kwetu, sisi ndio tume-'borrow'. Chetu kikienda kwake, tume-'lend'. Tazama chungu kinaelekea wapi."

Nikasema nilikuwa nakupima. Uongo mtupu.

Kisha baba akatamka: "Mwalimu akisema anaweza, akitoka ndani atarudi shule. Asipoweza, mchumba yupo." Mwalimu akanipa karatasi ya maswali ishirini, yale yale tuliyofanya darasani, uchague neno sahihi kati ya mawili. Ukajibu, ukanipitishia dirishani. Njiani nikaisoma. Kila nilipokosa mimi, wewe ulikuwa umepatia. Moyoni nikawasikia wenzangu wakinizomea: mwali wa ndani kakushinda! Nikarudi, nikaichomeka kwenye makuti ya paa la jiko. Mwalimu nikamwambia umekataa kujibu. Baba nikamwambia, "Mwalimu anasema hakufuzu."

Akapokea mahari. Siku ya kuondoka na mumeo kwenda kwenye mkonge, ulinishika kichwa ukasema, "Soma kwa ajili yetu wawili." Mwaka haukuisha nikaacha. Maneno yale huwa yananijia nikiwa peke yangu shambani, na huko hakuna wa kumtambia.

Wiki hii tumeezua jiko. Karatasi ikaanguka, mende wamekula pembe moja. Nikampelekea mwalimu, akasahihisha palepale. Kumi na nane, dada. Nikaenda nayo kwa baba, nikasema yote, nikangoja fimbo.

Akauliza tu, "Kumbe alikuwa anajua?"

"Kuliko mimi, baba."

Leo asubuhi kanipa bahasha. "Mwandikie mwenyewe," akasema.

Sikuombi unisamehe haraka. Ila kwa miaka yote hii umeamini ulishindwa, na hukushindwa. Nasikia huko kuna masomo ya watu wazima jioni. Shemeji akisita, mwonyeshe karatasi yako. Nimeikunja humu ndani, alama za mwalimu ziko juu.

Kaa salama, dada.

Mdogo wako, niliyepata kumi na moja.