Roboti wa Mama

Husna, nimeumbuka. Ndiyo kwanza narudi kutoka Korogwe, sijavua hata viatu.

Nilienda pale Kilole wanapoingiza muvi kwenye flashi, nikakuta Dunstan na wenzake wanasifia zile za vita vya sayari. Si unanijua! Nikawaambia zenu ni meli kulipuka tu, mtu anakufa hata jina lake humjui. Za maroboti ndiyo hadithi. Kwenye ile muvi yetu ya nyumbani, yule roboti kabla hajazimwa anamwambia mama aliyemtengeneza, "Mama, usinisubiri mlangoni. Ingia ulale."

Wakacheka! Dunstan akasema, "Dada Mwaija, mbona pale haongei kitu?" Akaiweka ile yenyewe, isiyotafsiriwa.

Haongei, Husna. Anazimwa kimya. Nikasema rudisha. Akarudisha mara tatu. Kimya.

Mimi naijua ile ya kaka Adamu tu, aliyomtafsiria mama kwa sauti yake, maana mama Kiingereza hajui. Miaka yote nikidhani anafuata maneno ya muvi.

Unakumbuka aliirekodi lini? Wiki ile aliyotoka hospitali, akatuambia madaktari wamesema atapona. Ramadhani haikumkuta.

Alijua, Husna. Alikuwa anatuaga, sisi tunamsifia roboti.

Na mama ndiye aliyenituma leo. Nimemkuta kakaa palepale mlangoni. Ananiuliza kama nimeipata sehemu ya pili, aone yule roboti wake anavyorudi.