Vyumba Ndani ya Kitunguu

Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umeingia baridi.

Hatimaye maabara yetu imefunguliwa, na hadubini imeletwa. Miaka miwili tumekuwa tukiichora daftarini na kuandika majina ya sehemu zake, nami nikipata alama zote bila kuwahi kuigusa. Jumatano tukapanga foleni kutazama utando wa kitunguu. Nilipoinama niliona miti myeusi, myembamba, imelala upande ndani ya ukungu. Ilikuwa mizuri, mama. Nikaichora yote kwa uangalifu.

Mwalimu wa sayansi akauinua mchoro wangu darasa zima lione. Akasema, "Mwenzenu amechora kope zake mwenyewe."

Walicheka hadi wengine wakalalia madawati. Sasa jina langu ni Kope, hata kwenye foleni ya chakula. Na mwisho wa mwezi huu tunachagua: masomo ya sayansi na hesabu, au ya lugha na historia. Unajua nilivyokuwa naota sayansi. Siku hizi nikisikia viatu vya mwalimu huyo, nabadili njia. Nishauri, nifanye nini?

Binti yako

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Usinune, lakini nilicheka kidogo. Kisha nikakuona umejifunika shuka kichwani unalia, kicheko kikakata.

Huku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli mvuke huwa mzito hata hatuonani, tunaitana kwa sauti tu. Nimeshinda humo nikipiga pasi na kukuwaza. Sikia basi. Chagua lugha na historia. Barua zako zinasomeka vizuri hata msimamizi wetu, asiye na muda na mtu, aliniomba nimsomee moja. Hizo hesabu na sayansi zina wenyewe. Ukoo wetu haujatoa hata mmoja, na mimi mwenyewe zilinishinda mapema. Sitaki uchekwe nikiwa mbali, nisiweze hata kukushika mkono.

Kula vizuri.

Mama yako

Tarehe 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini umepata siku ya kupumzika. Barua yako imefika jana, na uchaguzi umeshapita. Nimechagua sayansi. Keti kwanza, nikueleze.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kufagia maabara. Hadubini ilikuwa mezani, jua la asubuhi likiipiga kwenye kioo chake cha chini. Sikuwa na nia ya kuigusa. Nikaigusa. Nikakiweka kile kipande cha kitunguu, nikainama, na kope zangu zikaja tena. Safari hii nilirudisha kichwa nyuma kidogo tu, zikaondoka. Nikaona vyumba. Safu kwa safu, vimebanana, kuta zake nyembamba, vyote vimejaa mwanga na kimya. Sijui nilikaa humo muda gani. Nilihisi natembea kwenye vibaraza vyake bila viatu.

Niliponyanyua kichwa, mwalimu alikuwa mlangoni. Nikajua nimekwisha. Akaniuliza naona nini, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Kisha akaufunga mlango wa nje, akasema taratibu, "Nionyeshe unavyofanya. Mimi sijawahi kuviona."

Mama, alisoma shule isiyo na hadubini, kisha akafundisha kutoka kwenye picha ya kitabu miaka yote hiyo. Siku ile alijua nimechora kope kwa sababu hata yeye alipojaribu aliona za kwake tu. Aliogopa tusije tukamgundua, akaona bora kicheko kiniangukie mimi. Nilimwonyesha. Alikaa ameinama, mikono yake yenye vumbi la chaki imeshikilia ukingo wa meza. Aliponyanyuka alisema, "Kumbe ni kweli." Jumatatu aliwaambia darasa zima, bila kuficha kitu, na mwenyewe akaniomba radhi.

Bado wananiita Kope. Nimezoea.

Nisamehe kwa kwenda kinyume na ulivyoniambia. Kama barua yako ingewahi, ningekutii. Hilo linaniogopesha kuliko kuchekwa.

Binti yako

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijakasirika. Barua yako niliisomea nje, kwenye kamba za mashuka, nikabaki nimesimama pale mpaka wenzangu wakanitafuta.

Nilikuambia sayansi ina wenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa utafika mahali ambapo mimi sitajua hata nikuulize nini ukirudi nyumbani. Nilitaka ubaki karibu.

Sasa nimewaza sana, na nimepata la kukuuliza. Hivyo vyumba, kuta zake zimejengwa kwa kitu gani? Na ndani humo kuna nini? Jumapili nzima sina kazi. Nieleze tangu mwanzo, polepole, na usiruke kitu.

Mama yako