Maksai Anayelala Chini

Mjukuu wangu Masanja,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku sokoni Kirumba bado nabeba magunia ya dagaa, mgongo unalalamika lakini nakula. Shangazi yako kajifungua salama, mtoto wa kike.

Sasa nikugombeze. Unaandika kwamba maksai wako mpya analala chini kila akifungwa plau, ukamwashia nyasi mkiani ili ainuke, na unaniuliza kama umpeleke kwa mchinjaji. Moto, Masanja! Nani kakufundisha ushenzi huo?

Nilipokuwa na umri wako nilimpiga maksai wa kwetu aliyelala hivyo hivyo mpaka fimbo ikavunjika. Bibi yangu akatoka jikoni. "We mwanaume, huyu kazi umemwonyesha lini?" Akamfunga nira bila plau, pamoja na maksai mzee, akawatembeza mahali tambarare, kwenda na kurudi. Majirani wakacheka: "Mama, unalima hewa?"

"Shamba halikimbii," akawajibu.

Siku tatu maksai yule alilala chini, na bibi akamngoja ainuke mwenyewe. Siku ya nne akatembea. Baadaye akavuta gogo, mwishowe plau. Lakini mimi nikishika kamba alitetemeka. Ulipita msimu mzima kabla hajakubali nimguse shingo, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Usimuuze. Mwoshe kidonda cha moto mkiani, kisha kikipona umfunge nira tupu, utembee naye polepole. Akilala, kaa pembeni umngoje. Hasira zangu zitaisha siku utakayoniandikia kwamba amekuruhusu umguse.

Babu yako